Gololi Inayonguruma

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi bila hodi. Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alisema mkono usioshika kalamu husahau njia, basi nami naandika, isije ikaonekana nilikaa miaka miwili kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, kwa kazi bure. Naandika ninavyosema. Asiyependa asisome.

Chumba chetu cha mbele kina pande mbili. Upande huu cherehani yangu, upande ule mashine tatu za michezo za mume wangu. Mbili ni za kubonyeza vitufe. Ya tatu ni ya kuangusha chupa, na hiyo haina usukani wala kijiti. Ina gololi nyeupe, kubwa kama chungwa, imezama mezani nusu mwili. Unaiviringisha kwa kiganja. Ukiipeleka kando, mshale kwenye kioo nao unakwenda kando. Ukiisukuma mbele kwa nguvu, mpira kwenye kioo unakimbia na chupa zinaanguka, kama una bahati.

Kila siku, kabla watoto wa shule hawajatuvamia, mimi na mume wangu tunacheza mchezo mmoja. Anayeshindwa anapika chai ya jioni. Ndiyo desturi yetu tangu mashine hiyo iingie humu. Na mpika chai wa nyumba hii ni mimi. Sisemi kwa kulalamika. Nasema kwa hasira.

Sasa gololi inanguruma. Ukiipeleka kando inasema krr, krr, kama paka aliyemeza mfupa. Nimemwambia Babu beringi zimekufa, abadilishe. (Namwita Babu tangu mjukuu wa kwanza azaliwe, naye ananiita Bibi. Majina yetu tumewaachia wenye kuandika vyeti.) Amenijibu, "Mashine yenyewe mzee. Mwache agune."


Jumanne, tarehe 5

Mvua. Nimeshindwa. Chai nimepika.


Alhamisi, tarehe 7

Leo msichana mmoja wa shule amemwambia, "Babu, gololi yako inakwama halafu inaruka. Nalenga katikati inakwenda ukutani." Babu akacheka, akamwambia mkono wake ndio unaoruka. Mtoto wa watu akaondoka amenuna.

Mimi simwelewi tena huyu mtu. Huyu ndiye aliyekuwa akisikia feni ya jirani inalia tu, anavuka barabara na bisibisi yake bila kuitwa. Leo sanduku la vifaa limekaa chini ya meza, vumbi limeota juu yake. Nikimuuliza, "Kesho." Kesho yake haina jua wala mwezi.

Uvivu wa uzeeni ni mbaya kuliko wa ujana. Wa ujana unachapika.


Jumamosi, tarehe 9

Leo nimedharauliwa hadharani na mume wangu wa ndoa.

Nilikuwa natoka kupeleka gauni la mteja. Nami nilivaa lile jipya la manjano nililojishonea, lenye marinda begani. Njiani namwona Babu anakuja, fimbo mkononi, anatembea kandokando ya ukuta. Nikasimama mbele yake. Nikanyamaza makusudi, nione atasema nini juu ya gauni.

Alisema nini? Alisema, "Habari yako, mama," akanipita.

Habari yako, mama! Mimi! Miaka arobaini na zaidi nafua soksi zake!

Sikumjibu. Nilirudi nyumbani nikavua gauni. Kama ni mzaha, ni mzaha wa kishenzi. Na kama hakupenda marinda, si aseme? Chai nimempikia bila sukari, akanywa yote, hakuuliza. Kiburi kimemjaa hadi puani.


Jumapili, tarehe 10

Binti yetu alikuja na kitinda mimba wake, yule wa darasa la kwanza. Mtoto alimletea Babu picha aliyoichora kwa penseli za rangi. Babu akaishika mbali, akaishika karibu, akasema, "Loo, ng'ombe mzuri huyu!"

Mtoto akaangua kilio. "Si ng'ombe! Ni wewe!"

Nilimpa Babu maneno mbele ya binti yake. Nikamwambia mtu mzima hafanyi mzaha na kazi ya mtoto. Hakujitetea. Alimpakata mtoto akambembeleza mpaka akanyamaza, na picha ameibandika mwenyewe kando ya mashine, kichwa chini miguu juu. Nimeigeuza nikiwa nimekunja midomo. Haya, na aendelee.


Jumatano, tarehe 13

Mvua. Krr, krr. Nimeshindwa tena.


Alhamisi, tarehe 14

Nimechoka kuomba. Nimekwenda kwa fundi wa feni, yule tunayemwita Upepo, nikamwambia nataka beringi ndogo sita.

"Mzee kakutuma?"

"Nimejituma."

"Bibi, kazi hiyo ya wanaume. Mwache mzee mwenyewe."

"Suruali uliyovaa nani kaibana kiunoni?"

"Wewe, Bibi."

"Ilikuwa ya mwanamume au ya mwanamke?"

Akaingia ndani akaniletea boksi. Akaniuliza ukubwa, nikamwambia tundu lake linapita penseli kwa kubana, maana naijua. Nimemshikia Babu tochi mara ngapi? Tukapata sita zinazofanana.


Jumamosi, tarehe 16

Kaka yake Babu alikuja kumchukua asubuhi, wakaenda kumtazama mgonjwa. Mlango ulipofungwa tu nikazima umeme ukutani na kutoa sanduku la vifaa.

Niliinua kifuniko, nikafungua skrubu za pete inayoishika, nikaitoa gololi. Chini yake kulikuwa na uchafu wa viganja vya mtaa mzima, umejikunja mweusi kama nyuzi za mazulia. Nikaufuta. Gololi hukaa juu ya vyuma vitatu vinavyozunguka, vyembamba kama vidole. Viwili ndivyo vinavyoiambia mashine gololi imeelekea wapi. Cha tatu kinaegemeza tu, kama shemeji kwenye kikao. Kila chuma kina beringi mbili, moja kila ncha, na ndani ya kila beringi mna vigololi vidogo kama mbegu za mchicha zinazokimbizana.

Nilizichomoa zote. Moja moja nikazizungusha kwenye ncha ya bisibisi karibu na sikio. Tano zilikuwa zinakwaruza, uzee wa kawaida. Ya sita, ya chuma kinachopeleka mshale kando, ilikuwa imevunjika ndani na ikichechemea: inakwenda, inajikwaa, krr, inakwenda, inajikwaa, krr. Nikasema, kumbe ni wewe.

Nikatia mpya. Nikarudisha gololi, nikaisukuma. Ilikwenda kama mwiko kwenye uji ulioganda! Mbovu kuliko mwanzo! Nilikaa sakafuni nikamtukana Upepo na ukoo wake. Kisha nikafikiri. Beringi hizi ni za feni, zimeshindiliwa grisi nzito kwa sababu feni inakimbia mchana kutwa. Gololi inasukumwa na kidole cha mtoto. Nikazitoa tena, nikabandua vifuniko vyake kwa sindano, nikaziosha kwenye mafuta ya taa mpaka grisi ikatoka yote, nikazikausha, kisha kila moja nikaidondoshea tone la oili ya cherehani. Tone, si kijiko.

Nikarudisha. Nikaigusa gololi kwa kidole kimoja. Ikazunguka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka mimi nimeshatoa mkono. Bila sauti. Kama maji.

Nilijisifu kwa sauti kubwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunisifu.


Jumatatu, tarehe 18

Babu amekaa, ameweka kiganja, ameiviringisha. Mkono ukaruka kama aliyeguswa na kitu cha baridi.

"Nani ameigusa?"

"Mimi. Beringi sita. Sema asante."

 Aliiviringisha kushoto, kulia, kushoto, taratibu, kama mtu anayepapasa mfukoni. Kisha akasukuma. Hakuangusha hata chupa moja.

NIMESHINDA. Chai amepika yeye. Imemwagika kwenye sahani, lakini chai ya kushinda haina kasoro.


Jumanne, tarehe 19

Nimeshinda.


Jumatano, tarehe 20

Nimeshinda! Nilimwambia, "Kumbe miaka yote ulikuwa unabebwa na ubovu wa mashine." Alitabasamu upande mmoja. Aliungua kidole kidogo akiitafuta sufuria.


Alhamisi, tarehe 21

Nimeshinda, lakini leo sina raha ya kuandika hivyo.

Nilikuwa kwenye cherehani, namalizia pindo. Babu hakujua nimenyamaza kwa sababu uzi umekatika, alidhani nimetoka. Akainama juu ya ile mashine. Akalaza sikio kwenye mbao, karibu na gololi, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Akaiviringisha. Akasikiliza. Akaiviringisha tena. Kioo kilikuwa juu kinawaka rangi zote, naye hakukitazama. Uso wake ulielekea ukutani.

Nilikaa na sindano mkononi. Yote yalikuja kwa pamoja, kama wageni wa Jumapili. Ng'ombe. Picha kichwa chini. Sahani iliyojaa chai. Fimbo kandokando ya ukuta. Habari yako, mama.

Haoni. Mume wangu haoni.

Alikuwa akiupeleka mshale mpaka ukutani kushoto, pale kioo kinapoishia, kisha anahesabu kwa masikio: krr moja, krr mbili, krr tatu, hapo ni katikati. Ile beringi mbovu ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha njia. Nami nikaing'oa kwa mikono hii, nikaosha, nikatia oili, nikajisifu. Halafu nikamcheka siku tatu.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimelikalia hilo kanda na kuliita mto.


Ijumaa, tarehe 22

Nilisema kichwa kinaniuma, sikucheza. Mvua imenisaidia kusema uongo, ilikuwa inapiga bati kweli.

Nifanye nini? Nikimwambia naijua siri yake, nitamvua nguo. Nisipomwambia, jicho litaharibika nikitazama. Sijui kusema jambo polepole. Sikuzaliwa nalo.


Jumatatu, tarehe 25

Babu amekwenda kwa kinyozi, ameshikwa mkono na mtoto wa jirani. Nimefungua mashine, nimetoa beringi moja mpya, nimeirudisha ile kilema mahali pake.


Jumanne, tarehe 26

Alikaa. Akaipeleka gololi kushoto mpaka mwisho. Kisha kulia.

Krr.

Mkono ukasimama. Mimi sikuinua kichwa kutoka kwenye pindo.

"Bibi."

"Nakusikia."

"Juzi ilikuwa kimya."

"Mashine ina tabia zake."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Mtu wa kushinda miaka yote, halafu siku nne mfululizo anapika chai."

 Nikaacha cherehani, nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yote yakanipotea.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Masika yaliyopita. Nilidhani kioo cha mashine kimechoka. Nikakifuta wee, nikakifuta. Kumbe kilichochoka ni mimi."

"Na hukuniambia."

"Nikwambie wewe? Ungetangaza mtaa mzima kabla chai haijachemka."

"Ningetangaza. Halafu?"

"Halafu ningekuwa kipofu wa mtaa huu. Mpaka sasa nilikuwa mzee mvivu mwenye kiburi. Afadhali hivyo."

"Hata mimi nilisema una kiburi."

"Nilikusikia. Mtaa wa pili walikusikia."

Nikamuuliza habari ya ile siku njiani. Akasema alisikia viatu vya kike, akasalimu tu asionekane mkosa adabu. "Nilikuwa nimevaa gauni jipya," nikamwambia.

"Ungefungua kinywa, Bibi, ningekujua tangu kona ile. Ni kosa langu wewe kunyamaza? Mara ya kwanza katika ndoa hii umenyamaza, na siku hiyo hiyo nikakupoteza."

Nilicheka mpaka nikalia. Au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki kilianza kipi. Yeye akapapasa akaupata mkono wangu, akasema una harufu ya mafuta ya taa. Nikamwambia nyamaza, cheza. Akacheza. Akanishinda vibaya sana.


Jumatano, tarehe 3 Aprili

Nimempeleka kwa daktari wa macho, binti mdogo mwenye sauti ya upole na vidole baridi. Alitazama jicho moja, akatazama la pili, akarudi la kwanza.

La kushoto ni presha ya macho. Limekwisha, halirudi. La kulia lina mtoto wa jicho. Hilo linaweza kupasuliwa, na akipasuliwa kabla mtoto huyo hajakomaa zaidi, ataona.

Babu akauliza, "Na mkikosea?"

Daktari hakumdanganya, nikampenda kwa hilo. "Mara nyingi hatukosei, Babu. Lakini siwezi kukuapia."

Njiani Babu aliniambia, "Hili la kulia linanipa mwanga wa mlango na kivuli chako. Wakiliharibu sitakuwa na hata kivuli." 


Ijumaa, tarehe 5

Nimemwambia aende. Amekataa.


Jumapili, tarehe 7

Binti yetu amemlilia. Amekataa.


Jumatano, tarehe 10

Mvua haikati. Nimemgombeza asubuhi, nimembembeleza mchana, nimemnunia jioni. Amekataa mara zote tatu, kwa adabu. Kumbe hii ndiyo sura ya hofu. Miaka yote niliiona kwa watu wengine nikaiita ukaidi. Anakaa mlangoni ameelekeza uso kwenye mwanga, jicho moja limefumbwa, kama anayehakikisha hawajamwibia.

Leo sikumgombeza tena. Nilikaa naye hapo mlangoni nikimsimulia wanaopita: huyu kavaa buti, yule mwavuli umegeuka, huyu anakimbia na kuku kwapani. Akaniambia, "Unasimulia vibaya. Kila mtu kwako ana kasoro." Nikamwambia ndivyo walivyo.


Jumamosi, tarehe 13

Leo alipokaa kwenye mashine nikamwekea mkono juu ya mkono.

"Tubadilishe dau. Chai nitapika, nishinde nisishinde. Nikishinda mimi, unakwenda hospitali. Ukishinda wewe, sitalitaja jicho tena mpaka nife."

"Mpaka ufe?"

"Mpaka nife."

"Na ile beringi yangu bado imo?"

"Imo. Sijaigusa."

Akafikiri. Na mimi nikajuta papo hapo, maana nilijua nimefanya upumbavu. Kwa beringi ile hajashindwa na mtu. Nilicheza kwanza, nikaangusha chupa sita tu kati ya kumi. Nikasema moyoni, haya, umemuuza mumeo kwa ulimi wako.

Akakaa sawa. Akaipeleka gololi kushoto mpaka ukutani. Akaanza kurudi, nami nikihesabu naye. Krr. Krr. Krr. Hapo. Hapo ndipo katikati, hapo ndipo anapoachia siku zote, kiganja chake kinapajua kuliko kinavyokijua kinywa chake.

Hakuachia. Alingoja kidogo. Krr. Ya nne.

Akasukuma kwa nguvu zote, mpira kwenye kioo ukakimbilia pembeni, ukagusa chupa mbili za mwisho, basi.

"Ah," akasema. "Nimekosea hesabu."

Nikataka kumwambia nimesikia. Nilisikia zote nne. Lakini kuna mlango ambao mtu hawezi kuupita akitazamwa. Ni lazima ajifanye amesukumwa. Nikasema, "Umezeeka, hujui tena kuhesabu. Nenda katafute shati safi la hospitali."

"Bado siku haijapangwa, Bibi."

"Litafute hivyo hivyo."


Jumatatu, tarehe 6 Mei

Wamempasua leo. Walimwita akaingia kwa miguu yake, fimbo wameniachia mimi. Nilikaa kwenye benchi nikiishika kama ya kwangu. Sikula. Muuguzi aliniambia nisitembetembee, nikamwambia ukiwa na mume utaelewa.

Ametoka ana bandeji. Amelala. Mvua imenyesha kidogo, halafu imekatika.


Jumanne, tarehe 7

Daktari alimkalisha kwenye kiti, akaanza kubandua plasta. Babu alinishika mkono mpaka mifupa ikalia. Nami sikumwambia aachie.

Bandeji ikatoka. Akafumba. Akafumbua. Machozi yakamtiririka, daktari akasema ni kawaida, ni mwanga. Tukangoja. Kile chumba kilikuwa kimya kama kimezimwa ukutani.

"Babu," daktari akasema, "unaona nini mbele yako?"

Akatazama. Akatazama sana.

"Naona mwanamke mmoja amekunja uso."

"Unamjua?"

"Ndiye mwenyewe. Angekuwa anatabasamu ningesema mmekosea jicho."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta leso. Akasema ukungu kidogo utaondoka polepole, asiinue vitu vizito, atie dawa, arudi wiki ijayo. La kushoto ndiyo hivyo tena, lakini hili ni zima.

Tulitoka kwa miguu kwa kuwa alikataa gari. Njia ilikuwa na madimbwi, jua limetoka, kila kitu kinameta. Fimbo niliibeba mimi. Nikadhani atatembea taratibu kama alivyoelekezwa. Kumbe nimejitafutia balaa. Mtu huyu alisoma kila kilichoandikwa mjini. "Kinyozi wa kisasa." "Chumba kinapangishwa, uliza ndani." "Usikojoe hapa." Alisoma namba za nyumba. Alisoma kilichoandikwa kwenye fulana za watu, kwa sauti, huku amewanyooshea kidole. "Mbwa mkali," akasoma kwenye geti moja, kisha akachungulia ndani, akaniita nije nimwone mbwa mwenyewe, amelala chali na miguu juu.

Watu wakaanza kusimama. Mama mmoja alimvuta mwanawe pembeni. Mimi nina heshima yangu mjini hapa. Nikamvuta shati, nikamnong'oneza kwa ukali, "Nyamaza basi, watu wanatutazama!"

Akageuka akawatazama, mmoja baada ya mwingine, wote.

"Najua," akasema. "Nawaona."